Chuma Kilichosingiziwa

Kimaka, upande wa kaskazini wa mji wa Jinja, mwanajeshi hamshangazi mtu. Pana uwanja mdogo wa ndege, pana chuo wanakosomea makamanda na maofisa wa jeshi la Uganda, na Kiswahili cha kambini husikika barabarani kama kawaida. Jinja imekuwa mji wa kambi tangu enzi za King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu walilifupisha wakaliita Keya. Batalioni ya 4 ya Keya ilikuwa ya Uganda, na nchi ilipopata uhuru mwaka 1962 ndiyo iliyogeuzwa kuwa Uganda Rifles. Katika mji kama huu bunduki ni chombo cha kazi. Ukiuliza ubora wake utajibiwa kama inapiga au haipigi, basi.

Ng'ambo kuna watu wasiojali kama inapiga. Ni wakusanyaji. Wananunua bunduki za vita vikuu viwili, wanazitundika ukutani au kuzifungia kabatini, na kinachowavuta ni alama zilizochapwa kwenye chuma na mbao: taji la mfalme, jina la kiwanda, mwaka, namba, herufi za kikosi. Bunduki mbili za Kiingereza za kipimo cha .303 zinaweza kuwa zimetoka kiwanda kimoja, mwezi mmoja, zikiwa na uzima uleule. Moja haina cha kusimulia zaidi ya kiwanda chake. Nyingine ina herufi zinazosema ilishikwa na kikosi fulani, katika vita fulani, na kwa ajili ya hizo herufi mnunuzi atatoa fedha nyingi zaidi mnadani. Kuchapa herufi tatu kunahitaji seti ya chapa za chuma, nyundo na mtu asiye na haya. Ndiyo maana alama za kughushi zimejaa sokoni, na ndiyo maana kumezuka elimu nzima ya kuzitambua.

Elimu hiyo inatuhusu sisi ambao hatukusanyi bunduki wala hatutaki kuziona majumbani mwetu. Herufi zinazoghushiwa ni pamoja na za babu zetu. Askari wa Keya aliyetoka Busoga, Lango, Acholi au Bugisu hakuacha shajara. Barua yake, kama aliandikiwa na rafiki, imeliwa na mchwa. Historia ya batalioni yake iliandikwa na maofisa, na humo yeye ni sehemu ya idadi. Kilichobaki kimechapwa kwenye chuma. Anayeongeza uongo kwenye chuma hicho anauongeza kwenye maandishi machache tuliyonayo juu ya mtu huyo, na hana wa kumkanusha.

Tuanze na namba yenyewe, maana hapo ndipo jicho linapofunzwa. Namba ya kiwandani ilichapwa kabla bunduki haijapakwa ule weusi wake wa mwisho. Chapa inapogonga chuma, chuma hakipotei. Kinasukumwa kando na kuinuka kwenye kingo za kila tarakimu, kama udongo unavyopanda pembeni mwa unyayo wa kwato ya ng'ombe. Kisha hupita msasa, hupita rangi, mafuta, jasho, vumbi, kitambaa cha askari kila asubuhi kwa miaka. Kingo zinalainika. Weusi unashuka hadi chini ya tarakimu na kukaa huko. Namba iliyochapwa mwezi uliopita juu ya chuma cha mwaka 1917 haijapita safari hiyo. Kingo zake bado zinakwaruza ukucha. Chini yake chuma kinang'aa, au kimejazwa rangi nyeusi ambayo hutoka kwa pamba yenye spiriti. Usimulike tochi kwa juu. Ilaze ubavuni ili mwanga upite chini chini juu ya chuma, na kila kilichoinuka kitupe kivuli. Hapo utaona.

Ukiona pamenyooka mno, weka rula ya chuma juu ya namba na utazame dhidi ya dirisha. Kama mwanga unapenya katikati ya rula na chuma, pana bonde, na bonde halijitengenezi. Kuna namba ya zamani iliyosagwa kwa tupa na mpya ikachapwa mahali pake. Sababu ni kwamba mkusanyaji anapenda bunduki ambayo namba zake zote zinafanana. Kwenye .303 ya Kiingereza namba ilichapwa kwenye mwili wa bunduki, ikarudiwa kwenye mpini wa komeo na kwenye sehemu nyingine. Vikifanana vyote, bei inapanda. Basi muuzaji mwenye komeo la bunduki nyingine husaga namba yake na kuchapa mpya, naye mnunuzi hulipia ndoa ambayo haikufungwa.

Linganisha na alivyofanya fundi silaha wa jeshi. Komeo likiharibika alichukua lingine, akaipiga mstari namba ya zamani, akachapa mpya pembeni. Hakuficha kitu, maana hakuwa na wa kumficha. Alitaka tu komeo hilo lirudi kwenye bunduki yake baada ya usafi. Matokeo yake hayapendezi macho: namba iliyokatwa, nyingine imelala upande, tarakimu moja imezama kuliko mwenzake kwa sababu nyundo ilishuka vibaya. Kwa mtu anayetafuta ukweli, huo mchafuko ndio utajiri. Mkono uliochapa kwa kazi haukuwa na haja ya kupendeza, wakati mkono wa mghushi hauna haja nyingine.

Kwenye kitako cha .303 fupi za kwanza kulikuwa na kidani cha duara cha shaba ya manjano, kimefungwa kwa skrubu upande wa kulia. Hapo ndipo kikosi kilipochapa herufi zake na namba ya bunduki ghalani. Katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipokuwa wakipunguza kazi viwandani ili bunduki zitoke haraka, kidani kiliachwa. Kwa mghushi hiki ni kitu kitamu. Ni kidogo, ni laini, kinachapika kirahisi, na kinahamishika: unaweza kukinunua peke yake, ukachapa herufi za Keya, ukakifunga kwenye kitako chochote chenye shimo lake. Kwa sababu hiyohiyo ndicho kinachomsaliti. Shaba iliyokaa juu ya mbao yenye mafuta kwa miaka mia huacha ukijani pembezoni, na mbao iliyo chini yake hubaki na rangi tofauti na ile iliyopigwa jua. Ufa wa skrubu ambao haujaguswa tangu enzi za mfalme George V umejaa uchafu mgumu. Uliofunguliwa juzi una mikwaruzo inayong'aa. Halafu soma herufi zenyewe. Herufi za kidani cha kweli zilichapwa moja moja, kwa mkono, na fundi aliyekuwa na rundo la bunduki za kumaliza kabla ya jua kuzama. Zinayumba, na nukta kati yake hazilingani. Zilizochongwa kwa mashine za leo zina kina kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na huko jeshini hapakuwa na mashine hizo.

Mbao nayo inasema. Chapa inapogonga mbao, nyuzi zake hukandamizwa bila kukatika, na baada ya miaka kingo huwa duara kwa kushikwashikwa. Chapa mpya huacha nyuzi zilizochanika zenye weupe ndani. Wapo wanaopaka majivu ya moto na mafuta ya injini kuuficha weupe huo. Mafuta ya injini yana harufu yake, na pua haijawahi kuwa chombo kibaya cha utafiti.

Lakini macho na pua havitoshi, na hapa ndipo ninapoona tafakari ya kweli inapoanzia. Mghushi hodari anaweza kuchapa vizuri, kuzeesha vizuri na kuchafua vizuri. Asichoweza ni kujizuia kutupa kile tunachotamani. Anachapa ndoto ya mnunuzi. Historia ya vita vya Afrika Mashariki haikufuata ndoto ya mtu.

Chukua bunduki za askari wa Kijerumani wa Tanganyika. Wakusanyaji wanazitafuta kwa hamu, na herufi K.S., yaani Jeshi la Kaisari la Ulinzi katika makoloni, ni ndoto ya wengi. Mtu akikuletea bunduki nzuri ya Mauser yenye herufi hizo, na barua inayosema ilibebwa na askari wa kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, hadi siku ya mwisho ya vita, moyo unadunda. Sasa tazama yaliyokuwako. Vita vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa jeshi hilo walikuwa na bunduki za mtindo wa 1871, zenye baruti inayotoa moshi mzito unaomwonyesha adui ulipojificha. Novemba 1914 huko Tanga waliwashinda Waingereza na Wahindi, wakaokota mamia ya bunduki zao na risasi kama nusu milioni. Aprili 1915 meli Rubens ilipenya kizuizi cha Waingereza na kufika ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga ikiwa na bunduki za kisasa. Novemba 1917 walivuka Ruvuma, wakaiteka kambi ya Wareno huko Ngomano, wakajivika na kujipa silaha upya kwa mali ya Wareno. Tarehe 25 Novemba 1918, walipoweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, hesabu aliyoiandika Lettow-Vorbeck mwenyewe ilikuwa ya bunduki 1,071, na zilikuwa za Kiingereza na za Kireno.

Maana yake ni nzito. Bunduki halisi ya askari wa mwisho wa Kijerumani haina K.S. Ina taji la mfalme wa Uingereza, au alama ya mfalme Carlos wa Ureno. Ukiiona bila karatasi zake utaipita, nawe utamlipa yule aliyekuletea herufi unazozijua. Wenye bunduki walibadilika vilevile: mwaka 1917 Waingereza waliunda Batalioni ya 6 ya Keya, na ndani yake wakawaingiza askari waliokuwa wamewateka kutoka kwa Wajerumani. Mtu yuleyule aliyelenga Mwingereza mwaka 1915 alikuwa akilenga Mjerumani mwaka 1918. Chapa moja safi haiwezi kumweleza mtu huyo, na anayetuuzia chapa moja safi anamfuta.

Mfano wa pili unawagusa watu wa Jinja na Mbale kwa karibu zaidi. Katika Vita Kuu ya Pili, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Burma, na ndani yake zilikuwamo batalioni za Uganda. Mwaka 1944 zilipita bonde la Kabaw katika mvua za masika ya huko, matope hadi magotini, malaria kila upande, hadi Kalewa na mto Chindwin mwishoni mwa mwaka. Wakusanyaji wa .303 wanaipenda mno bunduki fupi ya mwishomwisho wa vita, ile yenye mdomo uliopanuka kama tarumbeta wa kuficha mwali. Jeshini iliitwa Namba 5; wafanyabiashara wakaipa jina la msituni, na jina likauza. Imeghushiwa kwa wingi kuliko karibu .303 nyingine zote, kwa kukata mtutu wa Namba 4, .303 ndefu ya kawaida ya vita hivyo, na kuupachika mdomo mpya. Ya kweli hujulikana kwa yale ambayo kiwanda kilifanya ili kuipunguzia uzito: chuma kimechongwa kwenye shina la mtutu na kwenye mwili wa bunduki, na hata kirungu cha komeo kimetobolewa ndani. Mghushi hukata mtutu. Mara chache huhangaika kuchonga shina lililofichwa chini ya mbao. Ndiyo sababu anayejua huomba mbao ivuliwe kwanza. Ubavuni mwa nyingi za kweli jina la aina lilichorwa kwa kalamu ya umeme, kazi ya haraka ya kivita, na hilo ndilo jepesi kuigwa. Usiliamini peke yake.

Muuzaji akikwambia bunduki hiyo fupi ilivuka Kabaw begani mwa askari wa Uganda, muulize tarehe. Utengenezaji wake ulianza Uingereza mwaka huohuo wa 1944 ambao askari wetu walikuwa matopeni. Hilo pekee linatosha kumdai ushahidi wa maandishi. Mara nyingi hana. Ana hadithi nzuri tu, na hadithi hiyo inamvika askari wa Busoga silaha ya sinema badala ya ile ndefu, nzito, aliyoibeba kweli.

Nani basi atamtetea askari huyo? Hata medali zake haziwezi. Nyota ya Burma ambayo Uingereza iliwapa wapiganaji wake haikuchapwa jina la mtu. Wahindi na Waafrika Kusini walichapiwa majina na serikali zao. Askari wa Keya hakuchapiwa. Kwa hiyo ukiona Nyota ya Burma yenye jina la askari wa Keya mgongoni, jina hilo limewekwa baadaye, na mkono mwingine. Huenda ni mwana aliyetaka kumkumbuka baba, na hilo naliheshimu. Huenda ni muuzaji. Nyota haitakwambia. Medali za zamani zina tatizo la namna yake: ile ya Afrika Mashariki na Kati iliyoanzishwa mwaka 1899 ina kibao chembamba cha juu cha wale waliokuwapo katika mapigano ya ngome ya Luba, Bukaleba, katika wilaya ya leo ya Mayuge, mwendo mfupi mashariki ya Jinja. Huko mwaka 1897 askari wa Kisudani wa Uganda Rifles ya wakati ule waliasi na kumuua Meja Thruston na wenzake wawili. Kibao hicho ni adimu, na kitu adimu kinachofungwa kwa ribiti mbili kinaweza kufunguliwa na kufungwa kwingine. Wajuzi hukagua ribiti kabla ya kusoma jina.

Ulimwengu wote una visa vya namna hii, na kila kimoja kina somo lake. Japani ilipojisalimisha mwaka 1945, ua la krisanthemu la mfalme lilisagwa kwenye bunduki nyingi kabla hazijakabidhiwa. Leo wapo wanaolichonga upya, nao wanaondoa alama ya kushindwa ambayo ndiyo ilikuwa ukweli. Bunduki za Kijerumani zilizotekwa na Wasovieti ziliunganishwa upya maghalani mwao, komeo la hii kwa mwili wa ile, na namba zikachorwa kwa kalamu ya umeme. Leo wapo wanaozisafisha ili zionekane hazijawahi kutekwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 inamtaka mwagizaji achape jina lake na mahali alipo kwenye silaha aliyoiingiza nchini. Chapa hiyo ni mbaya kwa macho na inashusha bei, basi wengine huijaza kwa kulehemu na kuisugua. Waingereza walikuwa na alama ya kuaga: mishale miwili inayoelekeana ncha kwa ncha, kuonyesha kwamba silaha imeuzwa kutoka jeshini. Nayo hufutwa. Katika visa hivi vyote kinachoondolewa ni mlango ambao bunduki ilitokea, ili ionekane imeshuka mikononi mwa mnunuzi moja kwa moja kutoka vitani.

Jinja ina milango mingi ya namna hiyo. Tarehe 23 Januari 1964, siku chache baada ya askari wa Tanganyika kuasi, askari wa kambi ya Jinja walimzuia Waziri Felix Onama wakidai mishahara. Serikali iliita jeshi la Uingereza, na tarehe 25 wanajeshi hao waliizingira kambi na kulishika ghala la silaha. Aprili 1979 majeshi ya Tanzania yaliingia Jinja na baadaye Mbale yakiufukuza utawala wa Idi Amin, na katika mtafaruku huohuo ghala la kambi ya Moroto lilivunjwa na bunduki zake zikamiminika Karamoja, ambako ziligeuza wizi wa ng'ombe kuwa vita. Ghala likivunjwa, bunduki hutoka na daftari hubaki sakafuni likikanyagwa. Baada ya hapo alama za chuma ndizo daftari pekee.

Hapa ndipo mambo ya mkusanyaji wa Ulaya yanapokutana na ya polisi wa Uganda. Mwaka 2004 nchi za eneo hili zilitia saini Itifaki ya Nairobi juu ya silaha ndogo, na mojawapo ya waliyoyakubali ni kuchapa kila bunduki ya serikali alama ya nchi na namba yake. Msomaji wa magazeti ya Kampala ameizoea ile UG POL ikifuatwa na tarakimu nyingi, ambayo hutajwa kila bunduki ya polisi inapookotwa mahali pa uhalifu. Mhalifu anayajua hayo, kwa hiyo husaga namba. Mghushi wa bunduki za kale huongeza alama isiyokuwapo. Jambazi huondoa alama iliyokuwapo. Mmoja anataka fedha za historia, mwingine anaikimbia historia, na wote wawili hutumia tupa.

Wote wawili pia hushindwa na kitu kimoja. Chapa inapogonga, haiishii kwenye shimo unaloliona. Chuma cha chini yake nacho hukandamizwa na kuvurugika, kwa kina kinachozidi kina cha tarakimu. Ukisaga hadi tarakimu ipotee machoni, uvurugiko bado uko. Mtaalamu wa maabara hung'arisha mahali hapo, hupaka tindikali maalumu kwa uangalifu, na tindikali hukila chuma kilichokandamizwa kwa kasi tofauti na kile ambacho hakikuguswa. Polepole, kwa dakika chache, tarakimu zinajitokeza zikiwa na kivuli chepesi, 3 kwanza, kisha mguu wa 7. Zaweza kutoweka tena haraka, na lazima zipigwe picha. Njia hiyohiyo inayofichua bunduki iliyomuua mtu Kampala ndiyo inayofichua komeo lililobadilishwa namba mnadani London. Baada ya mauaji ya ofisa wa polisi Andrew Felix Kaweesi mwaka 2017 na ya mbunge Ibrahim Abiriga mwaka 2018, Rais Museveni aliagiza pia bunduki zichukuliwe kile kinachoitwa alama za vidole: kila moja ipigwe risasi, na mikwaruzo ambayo mtutu na kipigio vinaiacha kwenye risasi na ganda ihifadhiwe. Hiyo ni alama ambayo hakuna nyundo inayoweza kuichapa.

Ninaamini kazi hii ya kutambua alama ni kazi ya heshima, na inastahili kufundishwa kwetu, katika makumbusho na katika vyuo vya jeshi, Kimaka kikiwemo. Afisa anayesomea kuongoza jeshi angepaswa kujua kusoma kitako cha bunduki ya mwaka 1916 kama anavyojua kusoma ramani, maana humo mna ukoo wa jeshi lake. Kwa sasa elimu hiyo iko kwa wanunuzi wa mbali. Wao ndio wenye vitabu vya alama, wao ndio wanaobishana usiku kucha juu ya umbo la herufi K, na wao ndio wanaoamua ipi ni bunduki ya Keya na ipi siyo. Siwalaumu, wengi wao wana mapenzi ya kweli na wamewaumbua matapeli wengi. Lakini si haki watoto wa wale askari wawe watazamaji wa hukumu hiyo.

Serikali zetu huteketeza bunduki haramu, na hufanya vizuri. Novemba 2016, huko Ngong, Kenya ilichoma zaidi ya 5,000 katika siku moja. Karamoja zimekusanywa kwa maelfu kwa miaka, tangu operesheni za mwanzoni mwa karne hii hadi ile ya Usalama kwa Wote iliyoanza mwaka 2021. Katika marundo kama hayo, katikati ya AK, huenda mkawa na .303 ya zamani iliyopita mikono ya askari wa Keya, ya polisi wa mkoloni, ya mchungaji na ya mwizi wa ng'ombe. Sisemi ihifadhiwe. Bunduki hizi zimetutoa damu ya kutosha. Ninaomba kila moja iandikiwe karatasi kabla ya moto: namba zote zilizomo, zinazofanana na zisizofanana, alama zilizokatwa, herufi za kidani kama kipo, na picha nne zilizopigwa kwa mwanga wa ubavuni. Askari mmoja mwenye simu anaweza kuifanya. Karatasi hizo zikiwekwa Makumbusho ya Uganda, Kampala, na nakala zikabaki Jinja, muuzaji wa mbali atakuwa na mahali pa kuulizwa.

Nawe msomaji, ikiwa mzee wenu aliacha medali, kidani cha shaba, mkanda au kitabu cha malipo, usikisugue king'ae na usimruhusu mtu akichape jina hata kwa nia njema. Kipige picha pande zote. Andika jina la mzee, la baba yake, la kijiji chake na batalioni yake kama inajulikana, pamoja na tarehe ya kuandika. Ikiwa kuna bunduki yenyewe, sheria ya silaha ya mwaka 1970 haikuruhusu kukaa nayo bila kibali. Ipelekeni polisi, lakini nakilini alama zake kwanza, na mdai risiti yenye namba.